Mkojo wa Divine

Harufu ilianza adhuhuri. Yai la kuchemshwa, katika nyumba ambayo meko yake yalikuwa baridi na kuku wake hawajataga tangu mvua zianze. Sifa, mwenye mimba ya miezi minane, alifungua madirisha yote. Harufu haikutoka. Ilikaa tu, kama mgeni asiye na haya.

Kisha mama mkwe wake, Mwanahamisi, akanong'ona kutoka nyuma ya pazia la jikoni.

"Kesho njo siku ya kupima. Usipeleke mukojo yako, mwanangu. Mukojo ya mwenye mimba, majini wanaifuata mpaka ndani ya tumbo. Peleka ya Divine."

Mficha uchi hazai, watu husema, lakini nani hukumbuka methali akiwa na woga? Mtaa mzima wa Mikelenge wanawake wanayajua maneno hayo, na wanaoyaamini ni wengi kuliko wanaokiri. Divine, binti wa jirani, alicheka mpaka akakaa chini, lakini chupa aliijaza.

Kesho yake mkunga Germaine alichovya ndani ya chupa hiyo kijiti chake cha mwisho cha kupimia. Rangi haikubadilika.

"Presha inapanda," alisema, akiutazama uso wa Sifa uliovimba. "Lakini mukojo iko safi. Rudi juma ijayo."

Sifa alirudi nyumbani kichwa kikimgonga, macho yakiona vimulimuli mchana kweupe. Mwanahamisi alikuwa uani, akipepeta mchele wa Kibombo.

"Mama, nilifanya vile ulisema. Nilipeleka ya Divine."

Ungo ukamponyoka mikononi.

"Mimi nilisema?"

"Nyuma ya pazia, mama."

Mwanahamisi alimshika mikono, akashusha sauti. "Binti yangu aliniambia maneno haya-haya, wakati ya vita. Sisi tulikimbilia pori, njia ya Lubutu. Yeye alibaki hapa na mimba. Niliporudi, alikuwa amevimba. 'Mama, nilifanya vile ulisema, nilipeleka ya mudogo wangu.' Lakini mimi nilikuwa mbali, Sifa! Kifafa cha mimba kilimupiga mbele yangu. Alikufa na mutoto wake."

Pazia la jikoni likatikisika bila upepo, na harufu ya yai ikawajia nzito hadi puani na kooni, na sauti ya Mwanahamisi, ile ile yenye mikwaruzo ya uzee, ingawa Mwanahamisi mwenyewe alikuwa ameuziba mdomo wake kwa kiganja, ikasema kwa upole kutoka ndani, "Ingia ulale, mwanangu. Ni uchovu tu."

Hawakuingia. Pikipiki ya jirani ikawakimbiza kwa Germaine, na Sifa akakiri yote huku analia. Vijiti vilikuwa vimekwisha. Mkunga akafanya kama walivyofanya wakati wa vita: akatia mkojo wa Sifa mwenyewe katika kichupa, akauchemsha juu ya moto. Uliganda mweupe kama ute wa yai, na harufu ile ile ikapanda.

"Ulitaka kujiua, weye!" Germaine alifoka, akamdunga sindano ya kuzuia kifafa, kisha akampeleka hospitali. Huko mtoto alitolewa mapema, mdogo kama njiwa. Akalia. Mwanahamisi alilia kumzidi.

Asubuhi Sifa alilala na mwanawe kifuani, koo limekauka, hawezi kutoa hata neno. Upande wa pili wa pazia la wodi, mjamzito mgeni alikuwa amepewa kikopo cha mkojo. Wodi ikaanza kunuka yai. Ndipo Sifa akaisikia sauti yake mwenyewe, laini, ya kirafiki, ikinong'ona huko.

"Usipeleke yako, ndugu yangu."

Akajaribu kupiga kelele. Pumzi tu ndiyo iliyotoka.

"Aksanti, dada," mwanamke yule akajibu.