Bastola Haivuki Daraja

Kila Jumamosi Chelagat alipika chapati. Hata awe amekesha kazini akihudumia wazee, Jumamosi bila chapati aliiona mkosi. Asubuhi hiyo ya mwaka 1998, katika nyumba yao ya kupanga mjini Sterling, Virginia, alikanda unga. Mezani, mumewe Simiyu alikuwa akifuta bastola yake.

Simiyu alikuwa mlinzi wa ghala karibu na uwanja wa ndege. Bastola aliinunua kihalali. Leo alitaka kuivaa kiunoni kwenye maandamano ya kupinga ukatili wa polisi. Yeye na rafiki yake Festus, Mkenya mwenzake wa kazini, wangeungana na wengine Virginia, wavuke daraja la mpakani na kuingia mji mkuu, Washington, na silaha zao.

"Baba Abigail, usiende," Chelagat alisema. "Tafadhali."

"Festus alipigwa na polisi barabarani bila kosa. Alipeleka malalamiko. Nani alimjibu? Serikali ni zile zile, Mama Abigail. Nyumba ya mzee wangu ilichomwa kule Bungoma, askari wakiangalia tu. Safari hii watatuogopa sisi."

Nyumba ile Chelagat aliijua, na majivu yake aliyaona. Lakini bado aliogopa.

Hodi ikapigwa. Alikuwa jirani yao Adia, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni. Kiswahili chake kilinyooka kama cha taarifa ya habari, na Simiyu hakuchoka kumtania. Adia alifanya kazi katika ofisi ya mawakili. Jumamosi alikuja kujifunza kusukuma chapati. Leo aliiona bastola, akaketi.

"Shemeji, unaipeleka wapi hiyo?"

"Washington. Hapa Virginia naivaa wazi na hakuna anayeniuliza."

"Hapa, sawa. Ukivuka daraja, hapana. Washington ina sheria yake. Kubeba bastola barabarani kule ni kosa la jela."

Simiyu akacheka. "Dada Adia, nchi ni moja. Kwetu sheria ya Mombasa ndiyo ya Busia."

"Huku kila jimbo lina sheria zake, na mji mkuu pia. Na wewe bado si raia, una green card tu, kibali cha kuishi. Kosa la bunduki linaweza kukurudisha Kenya, hata ukiwa umekaa hapa miaka."

Kicheko cha Simiyu kilikatika. Chelagat aliacha unga. "Na risasi zikianza?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hilo ndilo baya zaidi. Mmoja akishtuka, polisi hawataangalia nani mpole. Hasira yenu naielewa. Kaka yangu alivunjwa mkono na askari. Tulimtafutia wakili na mashahidi, tukaandamana kwa kibali, mikono mitupu. Ilichukua muda, lakini yule askari alifukuzwa."

Nje honi ililia. Festus alikuwa amefika.

Simiyu alisimama. Chelagat alimshika shati, hakuachia. "Mwambie naye asikie haya," alisema.

Simiyu aliacha bastola mezani, akatoka. Alizungumza na Festus dirishani mwa gari kwa muda mrefu. Festus alitikisa kichwa.

"Umetishwa na wanawake," alisema, akaondoka.

Mchana waliona yote kwenye televisheni. Polisi walikuwa wamefunga mwisho wa daraja. Mtu mmoja alikimbia, risasi zikalia, watu wakalala kifudifudi. Chelagat alilia kwa woga, ingawa mumewe alikuwa kando yake. Wawili walijeruhiwa. Festus hakuumia, lakini alitiwa pingu.

Baada ya hapo Simiyu na Adia walitafuta mashahidi wa kupigwa kwa Festus. Watu wa kanisani kwao wakaomba kibali, wakaandamana bila hata fimbo. Wakubwa wa kaunti wakakubali kuwasikiliza. Simiyu alieleza yote.

"Na aliyepigwa yuko wapi?" mwenyekiti wao aliuliza. "Tungependa kumsikia mwenyewe."

"Yuko kizuizini," Simiyu alijibu.

Askari aliyempiga Festus alisimamishwa kazi, uchunguzi ukaanza. Festus alipopiga simu kutoka kizuizini, Chelagat ndiye aliyempa habari hizo.

"Asante, shemeji," Festus alisema. "Ningelipenda kuwapo siku hiyo."

Wiki hiyo hiyo alipandishwa ndege, akarudishwa Kenya kwa kosa la bunduki.