Tikisikeni Kidogo

Basi lilitushusha Chimala jua likiwa limebakiza kama saa moja na nusu. Tulikuwa wawili, mimi na mwanangu Tekla wa miaka mitano. Kifuani nilining'iniza kamera mpya ya Kijapani isiyo na filamu hata moja.

Filamu ndiyo iliyonipeleka Mbeya. Nilizunguka mjini, nikaenda mpaka Iyunga kwa mtu niliyeambiwa anazo, nikaambulia pole. Mwaka ule wa sabini na tano hata sabuni ilikuwa ya kutafutwa, sembuse filamu. Lakini Chimala sikushukia filamu. Nilishuka kwa ajili ya marehemu mke wangu, Apolonia.

Mimi ni Liberatus Kalinga, fundi picha wa Iringa. Kazi niliianza na kamera ya sanduku niliyoachiwa na mjomba. Ni sanduku la mbao lenye miguu mitatu, kioo mbele, kitambaa cheusi nyuma. Picha unaipiga na kuiosha humohumo, mkono umeupitisha kwenye mfuko wa kitambaa ubavuni, unapapasa gizani kama anayetafuta yai chini ya kuku. Ilikuwa ya polepole. Unafungua kioo, unahesabu mpaka kumi, jioni mpaka ishirini, na mteja asitikisike. Aliyetikisika alitoka na ukungu usoni. Watoto ndio kabisa, walitoka kama moshi.

Nami niliionea aibu, mjinga mimi. Vijana wenzangu walikuwa na kamera za kuvaa shingoni.

"Baba Tekla, na mimi nipige," Apolonia alikuwa akiniambia kila Krismasi.

"Subiri nipate kamera ya maana."

"Kwani hii ina nini? Si inatoa watu? Mbona inatosha."

"Subiri, mama."

"Haya. Nitasubiri."

Nikapata kamera ya kukunja. Haikuisha miezi sita, nikaona ya jirani ni bora zaidi, nikamwambia asubiri tena. Lile sanduku nikamuuzia Mzee Budeba, Msukuma aliyehamia Usangu, upande wa Chimala, na ng'ombe wake, akataka kupiga watu picha minadani. Siku aliyokuja kulijaribu, Apolonia alikaa kwenye kigoda cha wateja, mikono magotini, anacheka. Mimi nikatoka kutafuta kamba ya kulifungia.

Miaka miwili baadaye Apolonia alishikwa na homa. Siku tatu tu. Kamera ya Kijapani niliyokuwa nimeiagiza ilifika wiki tatu baada ya mazishi.

Mganga hajigangi, watu walisema. Nilikuwa nimempiga picha kila mtu mtaani, mpaka mbuzi wa katekista. Kwenye msalaba wa mke wangu hakukuwa na kitu. Nililia kwa hilo kuliko nilivyolia siku ya kuzika.

Basi nikajizoeza kuishi nalo, mpaka jioni moja Tekla akaniuliza, "Baba, mama alikuwaje?"

Nikaanza kumweleza. Pengo la mbele. Kovu la mundu kwenye kidole cha shahada, mkono wa kulia. Alinisikiliza kwa adabu, kama anavyosikiliza mahubiri. Hakuwa anamkumbuka. Mwaka haujatimia, na uso wa mama yake umeshamtoka.

Ndipo nikakikumbuka kile kigoda. Budeba alikuwa anajaribu sanduku. Apolonia alikuwa amekaa mbele yake. Huenda alimpiga!

Tulitembea kama nusu saa kwenye njia ya ng'ombe kuelekea kwa Budeba. Tekla, kama kawaida yake, hakutulia hatua mbili. Aliruka mashimo, akaokota mawe, akaimba. Kisha akanyamaza.

Nikasikia harufu.

Haikuwa ya samadi wala ya moshi. Ilikuwa harufu ya dawa ya kuoshea picha, ile kali ya chumba changu cha Iringa. Na nyumba ya Budeba ilikuwa bado mbali...

Mzee tulimkuta uani na mkewe, Mama Seni. Nilimwamkia, akaitikia, akamtazama Tekla, kisha akatazama chini. Hakuniuliza habari za nyumbani. Nilimwambia msiba wangu, nikamwambia na haja yangu.

"Siku ile ulimpiga, mzee?"

"Hakukubali." Alisema kwa sauti ndogo. "Alisema picha yake atapiga bwana yake. Akakaa tu pale, mpaka wewe umerudi na kamba."

Nikakaa chini palepale kwenye vumbi.

"Sanduku yako chukua," akaendelea. "Mimi nimeacha hii kazi tangu mvua ya mwezi wa pili. Sanduku ina mtu."

"Mtu gani?"

"Iko anasubiri zamu yake."

Akaingia ndani, akatoka na picha moja. Alikuwa amempiga mchunga ng'ombe mnadani. Mchunga ng'ombe mwenyewe alikuwa na ukungu, alitikisika. Pembeni yake, ukingoni mwa karatasi, palionekana magoti mawili yaliyofunikwa kitenge, na mikono miwili juu yake.

Ilionekana wazi kabisa. Hata kovu la kidole.

"Hapo hakuwepo mwanamke," Budeba akanong'ona. "Mimi nilikuwepo."

Nilipaswa kuogopa. Kusema kweli, nilifurahi.

"Mpige, fundi. Umalize. Imebaki karatasi moja." Kisha akaniinamia sikioni. "Lakini hii mtoto isikae karibu. Umesikia? Wale wa huko wanatulia sana. Mtoto akitulia nao..."

Mama Seni akampakata Tekla mlangoni. Tuliweka sanduku uani, kigoda mbele. Jua lilikuwa limegusa nchi. Niliingiza kichwa ndani ya kitambaa, nikaona kigoda kitupu, kichwa chini miguu juu, kama sanduku lilivyoonyesha vitu siku zote. Nikaweka karatasi. Nikashika kifuniko cha kioo.

"Haya, Mama Tekla," nikasema. "Zamu yako."

Nikafungua.

Moja... mbili... tatu...

Ng'ombe zizini walinyamaza, wote kwa pamoja.

Saba... nane...

Nikasikia nyayo ndogo. Tekla alikuwa amejichomoa mapajani mwa Mama Seni. Alipita mbele yangu bila kunitazama, akakaa chini kando ya kigoda, akalaza kichwa upande, hewani, kama mtoto anayelalia paja la mtu.

Hapo ningefunika kioo. Mzazi mwenye akili angefunika. Lakini karatasi ilikuwa moja, na mke wangu nilikuwa nimemcheleweshea miaka.

Nikaendelea kuhesabu.

Kumi na moja... kumi na mbili...

Mtoto asiyetulia hata kanisani alikaa kama jiwe mpaka ishirini.

Nikafunika. Nikapitisha mkono kwenye mfuko, nikaitoa karatasi kizani, nikaitumbukiza kwenye sahani ya dawa. Nikawa naisogezasogeza kwa vidole, taratibu.

Mkono ukanishika.

Ulikuwa mdogo kuliko wangu, na wa baridi. Ulikuwa na sugu la jembe kiganjani. Nikapapasa kidole cha shahada... kovu lilikuwepo.

Sikuutoa mkono wangu. Nasema ukweli, sikuutoa. Nilisimama nimelikumbatia lile sanduku, nikalia bila sauti, tumeshikana humo ndani kama tulivyoshikana siku ya ndoa. Sijui ni muda gani. Kisha vidole vikaniachia kimoja kimoja, na karatasi ikabaki mkononi mwangu.

Nikainua kitambaa kidogo, nikachungulia.

Kwenye karatasi ya kwanza rangi hugeuka, weusi ukawa weupe, lakini mimi nimezisoma hizo maisha yangu yote. Alikuwa yeye. Pengo, kitenge, kicheko kilekile cha siku ya kigoda. Mama Seni mlangoni alikuwa ukungu mtupu. Mbuzi aliyepita nyuma alikuwa ukungu. Kila chenye pumzi kilikuwa ukungu.

Tekla alikuwa wazi kabisa, mpaka kope za macho.

Na mkono wa mama yake ulikuwa juu ya kichwa chake.

Niligeuka. "Tekla."

Alikuwa bado pale chini, shingo imelala, macho wazi. Hakupepesa. Nikamgusa shavu, likawa la baridi kama ule mkono.

"Tekla! Mwanangu!"

"Umeikaza?" Budeba akauliza haraka.

Sikuwa nimeikaza. Picha ikitoka kwenye dawa ya kwanza lazima iingie ya pili, ya kuikaza. Isipoingia, mwanga huila, inakuwa nyeusi yote. Sahani ya pili ilikuwa humo ndani, shubiri moja tu kutoka vidole vyangu. Hatua moja tu, na Apolonia angekuwa wangu mpaka kufa.

"Ukikaza, umekaza wote wawili," mzee akasema.

Nikaichomoa karatasi nje.

Nikaielekeza kwenye jua lililobaki. Haikuwa haraka. Ukingo ulianza, kisha kitenge, kisha mikono. Nilimtazama usoni muda wote. "Nisamehe, Mama Tekla," nilimwambia. "Niachie mtoto. Nisamehe." Kicheko ndicho kilichokawia kupotea. Kisha nacho kikaenda, nikabaki nimeshika karatasi nyeusi inayodondosha maji.

Nyuma yangu mtu akakohoa. Tekla alikuwa anajikuna mguu.

Tulilala palepale. Usiku kucha mtoto aliungua homa, na asubuhi kwenye zahanati wakamwona ana malaria kali. Mganga alisema mtoto mwenye homa hivyo huweza kukaa kama gogo, na baridi ikamshika. Nilimsikiliza. Labda ni kweli. Labda mkono ule ulikuwa dawa baridi na akili ya mjane. Basi nitakuwa nimeichoma kwa mwanga picha ya pekee ya mke wangu kwa sababu ya mbu wa Usangu. Kuna siku naamini hivyo, na siku hizo ndizo mbaya zaidi.

Lakini kwenye basi, tulipokuwa tunaikaribia Nyololo, Tekla aliniegemea.

"Baba, mikono ya mama ina baridi."

Nikamfunika koti langu.

"Amesema si neno," akaongeza. "Atasubiri."

Sasa ni mwaka wa sabini na tisa. Kamera ya Kijapani nilimpa mtu. Kila mwezi vijana wananionyesha mpya, zina hiki, zina kile. Nawaambia hili sanduku linatosha, nami nikilisema neno hilo namsikia aliyelisema kwanza. Wananicheka kwa jingine pia. Mimi ndiye fundi pekee Iringa ninayewaambia wateja, "Tikisikeni kidogo." Wakitoka na ukungu, nashukuru Mungu moyoni. Tekla ana miaka tisa, na kila picha yake ni moshi.

Bado hajui mama yake alikuwaje. Ninamweleza pengo, ninamweleza kovu, naye ananisikiliza kwa adabu.

Nimeanza kumfundisha kazi. Anajua kuosha, anajua kukaza. Ndani ya sanduku nimemwekea karatasi moja nisiyoruhusu iguswe, na juzi akaniuliza ni ya nani. Nikamwambia ni ya mama yake na mimi, pamoja, kila mtu na kigoda chake. Akauliza ni lini.

"Siku nitakayotulia," nikamwambia. "Wewe utahesabu mpaka ishirini, na usije karibu."