Maziwa ya Magharibi

Chupa ilikuwa na mililita mia na ishirini. Nawal aliipima mwenyewe, akaifunga, akaandika tarehe juu ya kipande cha plasta, akaiweka kwenye friji. Alipokwenda kuichukua alasiri, aliikuta nusu. Kifuniko kimekazwa vilevile, plasta haijaguswa, wala nje hakuna tone. Angekuwa mtu mwingine, ungesema kasahau. Lakini jamani, mwanamke anayekamua mara nane kwa siku, miezi mitatu mfululizo, hasahau alichokamua.

Mwanawe Muhannad alizaliwa wa miezi saba, akalala wiki tatu ndani ya kisanduku cha joto, akilishwa kwa mrija. Alipoletwa nyumbani Mwananyamala, kila akiwekwa kwenye ziwa aligeuza uso na kulia mpaka sauti ikamkauka. Ya kopo walijaribu, akayatapika yote. Ndipo mumewe Nawal, mwenye duka la vitambaa pale Mwenge, akanunua mashine ya kukamulia maziwa. Mtoto akashika chupa, akanenepa, na Nawal badala ya kushukuru akaona haya. Akikamua alijifungia chumbani kama mwizi.

Mama mkwe wake, Bi Wahiba, hakuwa mtu mbaya. Ulimi tu. "Mie nimenyonyesha sita," alikuwa akisema, "na sijawahi kuchomeka waya ukutani." Nawal alicheka naye, kisha akaenda kulia bafuni.

Na huko huko bafuni ndiko alikokosea. Wiki iliyotangulia alipata jipu la ziwa, akapewa dawa, muuguzi akamwambia maziwa ya siku tano ayamwage yote, mtoto anywe yale ya akiba kwenye friza. Sasa katika nyumba ile maziwa ya mama hayamwagwi ovyo. Hupelekwa uani, kwenye shina la mrehani, mtu akasema Bismillahi, akamwaga. Nawal alilijua hilo vizuri. Ila apite na jagi zima mbele ya Bi Wahiba, aulizwe, akiri kwamba hata hayo ya mashine sasa hayafai? Hakuweza. Alingoja magharibi, mama mkwe akiwa kwenye mswala, akayamwaga haraka kwenye tundu la maji bafuni, bila kutamka neno. Magharibi tano.

Chupa zikaendelea kupungua. Muhannad akawa analala na njaa na kuamka na njaa, na kliniki mizani ikaonyesha amepungua nusu kilo. Nawal aliitazama ile mizani akatamani ardhi immeze.

Siku iliyofuata, mchana kweupe, alimaliza kukamua akazima mashine, na ile sauti ya kunyonya haikuzimika. Akachomoa waya, bado ikaendelea, fyu, fyu, fyu, taratibu, nje ya chumba, akaifuata kwenye ukumbi, harufu ya maziwa yaliyochacha na udongo mbichi ikimjia puani, mpaka akafika mlango wa bafuni akaona sakafu imelowa na hakuna aliyeoga, na pale kwenye tundu kitu kikameza, kikatulia, kikacheua kama anavyocheua mtoto aliyeshiba, halafu kikasema, "Mama."

Alimkimbilia Bi Wahiba, akaanguka magotini. "Nisamehe, mama. Nimefanya kosa." Akaeleza yote kwa kunong'ona.

"Mara ngapi?" Bi Wahiba naye alinong'ona.

"Tano."

"Ya Rabbi! Kunyonya mara tano ndiko kunakomfanya mtoto kuwa wako, hujui? Umemnyonyesha mtoto wa watu, Nawal. Na hao watu wenyewe hatuwajui!"

Kesho yake aliitwa Sharifu Muhdhar, msomaji wa mtaa. Akafukiza ubani, akasoma mpaka jasho likamtoka, kisha akafunga kitabu. "Angekuwa jini tu ningemtoa," alisema. "Huyu ni mwanao wa kunyonya, ana haki yake, hanisikii mie. Umkane wewe. Magharibi usimame peke yako kwenye tundu, useme mara tatu: Sikujui, si mwanangu. Usipomkana, ataendelea kula fungu la nduguye mpaka liishe."

Magharibi ilipoingia, Nawal alisimama bafuni, mlango umefungwa.

"Sikujui, si mwanangu." Kimya.

"Sikujui, si mwanangu." Ndipo kilio kikaanza, chembamba, kilio cha kichanga, kilekile alichokuwa akilia Muhannad ndani ya kisanduku yeye akiwa nje ya kioo hawezi kumbeba, na maziwa yakamshuka bila kuitwa, gauni likalowa, kitu cha baridi kikampanda magoti, kikampanda kiuno, na mdomo mdogo usio na meno ukalishika ziwa la kushoto, ukanyonya, wala haukuuma, wala haukugeuza uso. Miezi mitatu alikuwa akikisubiri kitu hicho. Machozi yakamtiririka, na aibu yake haikuwa na mfano.

"Umemaliza?" Bi Wahiba aliuliza nyuma ya mlango.

"Nimemaliza, mama."

"Zote tatu?"

"Zote tatu."

Toka siku ile chupa hazipungui. Muhannad kanenepa mashavu, na Bi Wahiba anawasimulia majirani jinsi Sharifu alivyo kiboko. Ila mashine ikiwekwa kulia chupa hujaa, ikiwekwa kushoto halitoki hata tone.

"Ni lile jipu," Bi Wahiba humwambia. "Limekauka hilo ziwa, mwanangu."

"Huenda, mama," Nawal hujibu. Na magharibi ikiingia humbusu Muhannad kwenye paji la uso, humwomba radhi, halafu huaga kwamba anakwenda kutawadha. Mlango wa bafuni huufunga kwa komeo. Mashine huiacha chumbani.