Nyuzi Zisizoshika Kutu

Kisauni kila chuma hushika kutu. Sindano ukiisahau dirishani Jumatatu, Ijumaa waikuta nyekundu. Kwa hiyo adhuhuri ile ya mwisho wa Novemba 1963, Bi Alawiya alipofungua kasha lake na kuzitoa nyuzi nne za gitaa la besi alizowekeshwa na nduguye, alitarajia aibu. Zilitoka zikimetameta. Tena zilikuwa na vuguvugu, kama mkufu uliovuliwa shingoni sasa hivi.

"Mashallah," alisema.

Nduguye, Aidarus, alikuwa akimngoja ukumbini. Alibisha hodi siku ile ile, bila barua, bila mzigo, amevaa shati lile lile la buluu aliloondokea mwaka wa sitini alipopata kazi ya upishi melini. Alawiya ndiye aliyemlea tangu mama yao kufa, na kwa miaka mitatu na nusu hakupata hata salamu zake. Majirani walikuwa wameshaanza kumwita marehemu, kisha wakijikosoa haraka haraka. Alimkumbatia akalia mpaka ushungi ukalowa.

Nyuzi hizo Aidarus alizinunua kwa baharia mmoja Kilindini, hakuwahi kuzifunga hata siku moja. "Nitunzie, dada," alimwambia alipokuwa akiondoka. "Nikirudi nitazipiga."

Naye alizitunza, kwani Alawiya hakujua kufanya jambo kwa kiasi. Kila Alhamisi alasiri alijifungia chumbani, akazipaka mafuta ya nazi, akazifukiza udi, akazirashia marashi, ambayo mtu yeyote mwenye akili angejua kuwa yaleta kutu, huku akiimba kwa sauti ya chini, "Rudi, Aidarus, rudi." Alijiambia kuwa maadamu nyuzi zang'ara, mtoto yu hai.

"Sijui kama zitafaa," alimwambia sasa. "Nyuzi nazo huchakaa zikiwekwa. Na chumvi hii ya kwetu..."

"Zafaa," alijibu Aidarus bila kuzitazama. "Mafuta ya nazi kila Alhamisi, zitachakaaje?"

Alawiya alicheka naye. Baadaye, akiosha vyombo, alikumbuka kuwa jambo lile hakumwambia mtu yeyote.

Siku ya pili alikuja Kitsao, mkuu wa bendi ya Changamwe aliyowahi kuipigia Aidarus. Alikuwa akitafuta mpigaji besi wa dansi la usiku wa Uhuru, na alifurahi kama aliyeokota dhahabu. Lakini alipolishika gitaa la Aidarus, lililobaki likining'inia ukutani tangu alipokwenda melini, uso ulimbadilika. Aidarus alipoingia ndani, Kitsao alimvuta Alawiya mlangoni.

"Bi Alawiya, si ulisema hizi hazijapigwa?"

"Wallahi hazijapigwa. Amezifunga jana."

"Basi tazama hapa chini." Kwenye kila uzi palikuwa na vidonda vidogo vidogo, alama za uzi uliobanwa kwenye vyuma vya shingo ya gitaa mwaka baada ya mwaka. "Hizi zimepigwa miaka, bibi. Nani kazipiga ndani ya kasha?"

Kuanzia hapo Alawiya hakupata raha. Aliona kuwa wali wa Aidarus hupoa sahanini bila kupungua, na kuwa joto lote lile la Desemba halikumtoa jasho, na kuwa shati lake lanuka udi na marashi na mbao kuukuu, harufu ya ndani ya kasha lake mwenyewe, na kila adhuhuri, watu wakiwa wamelala na mtaa umetulia, gitaa lililia pole pole, bila umeme, na bado mtikisiko wake ukapita sakafuni ukampanda miguuni mpaka kwenye meno, na wimbo ulikuwa mmoja tu, na siku ya nne akiwa amesimama jikoni na mwiko mkononi akautambua, ni ule aliokuwa akiziimbia nyuzi peke yake, mlango umefungwa, rudi, Aidarus, rudi.

Mwiko ulimwanguka. Alichukua buibui lake akaenda Utange kwa Mama Kafedha, mganga wa Kigiriama.

Kafedha alimsikiliza mpaka mwisho. "Umemtazama miguu?" aliuliza.

"Ni miguu ya mtu."

"Hayo ya majini wenye kwato ni ya kutishia watoto. Niambie, ulipofukiza ulitaja jina?"

"La ndugu yangu."

"Mwanangu, udi, marashi na wimbo, tena kila juma. Mwenye jina yuko mbali, hakusikia. Aliyekuwa karibu ndiye aliyesikia. Umemtunza, naye amekuja."

"Na ndugu yangu yuko wapi?"

"Hilo sijui. Zivue, uzitie kwenye maji ya bahari, zote nne, uziache zishike kutu. Akiwa ni ndugu yako atakugombeza kwa kumharibia nyuzi. Asipokuwa, ataondoka nazo. Lakini usizipake tena mafuta, hata akulilie vipi."

Alawiya alirudi, akazivua Aidarus akiwa amelala, akazitia kwenye bakuli la maji ya bahari. Aliomba agombezwe. Hakuwahi kuomba kitu kwa moyo ule.

Hakugombezwa. Siku ya pili madoa mekundu yalitokea kwenye nyuzi, na kwenye vidole vya Aidarus. Siku ya tatu yalimfika shingoni. Alijilaza mkekani, akamtazama kwa macho yale yale ya mtoto wa miaka sita aliyefiwa na mama.

"Dada, zaniuma. Nipake mafuta kidogo."

"Siwezi."

"Ulisema utanitunza."

Alawiya alivumilia mpaka alasiri. Kisha alitia mkono bakulini, akautoa uzi mmoja, ule mnene kuliko wote, akaufuta kwa ncha ya leso, akaupaka mafuta na kuuficha ndani ya kasha. Mmoja tu, alijiambia. Nitabakiwa na nini?

Asubuhi mkeka ulikuwa mtupu. Alilia kama aliyetoka kuzika. Kwa Kafedha alipeleka salamu kuwa nyuzi zote nne zimeoza.

Siku moja kabla ya Uhuru, Kitsao alipiga hodi akihema, barua mkononi. Ilikuja kwa sanduku la posta la bendi. Alawiya alijua kusoma herufi za Kiarabu tu, kwa hiyo Kitsao alimsomea pale pale ukumbini.

"'Dada yangu mpenzi, hii ni barua ya saba, sijui kama zafika. Niko Karachi, ni mzima. Nitawasili Januari, inshallah. Zile nyuzi zitupe, najua kutu imeshazila, nami nimenunua nyingine. Nduguyo, Aidarus.'"

Alawiya aliishika ile barua akaibusu. Yu hai! Alitaka kupiga kigelegele.

Chumbani, ndani ya kasha lililofungwa, uzi ulilia mara moja, mzito, sakafu ikatikisika. Kisha ikaja sauti, ya upole, ile ile aliyoilea.

"Dada, ni nani huyo ajiitaye Aidarus?"