Sponji Ndani ya Kiatu cha Mbio

Sponji ya kochi, jamani, ndani ya kiatu cha mbio! Ngoja nivute pumzi niwasimulie vizuri.

Mdogo wangu, yule tunayemwita Swala, yuko darasa la sita. Alfajiri anakimbia, jioni anakimbia tena. Netiboli aliachishwa, kwaya pia, maana kocha na baba walisema bingwa hachanganyi mambo. Baba ni fundi makochi, na mteja akikaa tu, lazima asikie habari za Swala.

Jana nilikuwa namshikia baba kitambaa karakanani. Akavuta sponji mpya, akakuta imekatwa na kutolewa vipande viwili vya umbo la kisigino.

“Panya gani huyu anayetumia mkasi?” akauliza.

Swala alikuwa mlangoni, ameshavaa viatu vya mazoezi. Akainamisha kichwa. “Panya ni mimi, baba.”

Baba akamvua kiatu, sponji ikadondoka. Alipomgusa kisigino, mtoto akauma midomo.

“Tangu lini?”

“Tangu mashindano yaliyopita.”

“Mbona hukusema?”

“Ungenizuia kukimbia Jumamosi. Na wateja wako wote umeshawaambia nitashinda.”

Baba akajikalia kwenye kochi lisilo na mto, springi zikalia kwii. Hakuna aliyecheka, hata mimi ninayecheka ovyo.

Tukaenda zahanati. Daktari akasema mifupa ya kisigino bado inakua, na kazi ileile kila siku inaichosha. Apumzike mpaka maumivu yaishe, kisha achanganye michezo. Kwa sasa, kuogelea kunamfaa.

Kocha alipopigiwa simu akanung'unika. “Mzee, wenzake hawapumziki.”

“Mwalimu,” baba akamjibu taratibu, “kochi likikaliwa upande mmoja tu kila siku, linabonyea. Na huyu si kochi, ni mwanangu. Jumamosi hakimbii.”

Akakata simu, akamgeukia Swala. “Mama, maumivu si uvivu. Ukiumia sema, hata kama mimi nitanuna. Kombe tutalikosa Jumamosi, mwingine atalichukua, basi. Mguu huo utautembelea maisha yako yote. Nilitakiwa kukuuliza, sikukuuliza. Nisamehe.”

Swala akalia kidogo, halafu akalala mpaka leo jua likawa juu.

Sasa wanajiandaa kwenda kwenye bwawa. Mwalimu wa kuogelea amemkubali Swala, na baba naye, ambaye sijawahi kumwona kwenye maji yanayopita magoti, amejiandikisha. Nawafuata. Kesho nitawaambia nani kanywa maji mengi zaidi.