Kisu cha Keki

Soko lilikuwa limefurika, na fundi wa funguo, mwanamke mwenye aproni ya jinzi na vumbi la shaba kwenye kucha, alikuwa na wateja watano mbele yake. Ndipo kijana mmoja aliyevaa koti jeusi juani akamwekea ufunguo mezani.

"Nichongee mwingine kama huu, mara nne kwa ukubwa."

"Wa mlango gani?"

"Hauna mlango. Nataka kuupiga picha kwa karibu, watazamaji washike roho mkononi."

Kumbe alikuwa mpiga video za harusi, tena mgonjwa wa filamu za zamani za taharuki. Kulikuwa na mwongozaji mmoja marehemu ambaye kijana alimfanya dini yake. Kila kitu alikiiga kwake. Ufunguo fundi hakuuchonga, ila namba ya simu alimpa. Moyo hauna adabu.

Miezi sita alimvumilia. Hata akimpigia simu, jamaa alinyamaza kwanza, pumzi tu zikisikika.

"Laazizi, taharuki ndiyo utamu wenyewe."

"Laazizi wako yuko kazini. Sema."

Mdogo wake wa kike alipoolewa, fundi akampa mpenzi wake kazi ya video kwa moyo mweupe. Siku ya kuitazama, ukoo mzima ulibanana sebuleni. Bwana harusi alionekana viatu tu, vikishuka ngazi polepole. Kisu cha keki kilikaa kwenye kioo dakika tatu. Mama mkwe alikuwa kivuli nyuma ya pazia. Nyimbo zote zilifutwa, fidla zikilia kama paka.

"Huyu mkwe wangu kaua nani?" mama akauliza.

Mdogo mtu aliinuka akilia. "Dada, uso wangu hauonekani hata mara moja."

Fundi akampigia kijana papo hapo.

"Uso wa bibi harusi hufichwa," kijana akajitetea, "mtazamaji autamani."

"Mdogo wangu si filamu. Usinipigie tena."

Wiki tatu hakupokea simu zake. Ya nne, asubuhi, kijana alifika kibandani bila koti, kompyuta mkononi. Video yote alikuwa ameihariri upya kwa picha alizoziacha mwanzo. Nyimbo zilikuwemo, mdogo mtu akicheka meno nje, baba akicheza pekupeku. Kisha fundi akajiona mwenyewe amepiga magoti, pini mdomoni, akibana gauni la mdogo wake huku machozi yakimtoka.

"Mbona picha hapa inatikisika?"

"Hapo nilisahau kuiga. Nilikuwa nakutazama tu."

Kijana akafungua kinywa, akanyamaza, akatazama pembeni.

"Nina wateja wawili wanasubiri. Kama una neno, litoe."

"Nataka nikuoe."

"Ungekuwa unasema wazi hivyo siku zote, tusingefika huku." Akaifunga kompyuta, akaitia kwapani. "Hii nampelekea mdogo wangu. Akikusamehe, njoo useme na mama. Na upite mlango wa mbele, ubishe hodi kama watu."

Mdogo mtu aliitazama mara mbili, akapangusa macho. "Mwambie aje," akasema. "Lakini kamera aiache kwao."