Pesa Zilizotumwa Zisirudi

Ndugu zangu wa mtaa huu, mnajua sijisifu bure. Najisifu nikiwa na sababu, na leo ninayo. Sikilizeni habari za mwanangu seremala.

Nyumba yake ilikuwa tulivu. Uani msumeno ukikata, barazani mkewe akishona sare kwa cherehani yake, nami mama mkwe nimekaa katikati, napokea chai kutoka pande zote mbili. Kisha shule ikampa mwanangu kazi ya madawati, pamoja na malipo ya awali ya kununulia mbao. Hapo ndipo marafiki walipoota kama uyoga. Kila jioni walimwambia, "Fundi, tumia pesa ikuzoee!" Naye akatumia. Akawa mfadhili wa kila meza. Ni kweli wapo wasemao ponda mali kufa kwaja, lakini madawati ya watoto wa watu hayakuwa mali yake ya kuponda.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, mwalimu mkuu alikuja kutazama kazi. Uani hapakuwa na hata ubao mmoja.

"Siku ya kufungua shule madawati yasipokuwepo," alisema, "hutaitwa fundi na shule yoyote hapa."

Alipoondoka, mwanangu akaikazia macho cherehani. "Mama watoto, tuiuze hiyo."

Mkewe akasimamisha mguu kwenye pedali. "Hii ndiyo inayotulisha. Pesa za mbao ziko wapi?"

"Si nimezitumia."

Nimefundisha lugha hadi nikastaafu, na neno likipita vibaya mbele yangu silisamehe. "Kutumia kumezaliwa na kutuma," nikamwambia. "Pesa hutumwa iende ikalete kitu. Wewe ulizituma wapi? Mtoto akitumwa chumvi akakawia, unatoka kumtafuta. Hizi zimepotea zote, wala hukuuliza zilipita wapi!"

Aliinamisha kichwa. Kisha, na hapo ndipo nilipomjua kuwa ni mwanangu, akasema, "Mama, sikuzituma. Nilizifukuza."

Mkewe alicheka huku machozi yakimtoka. Cherehani haikuuzwa. Alichukua malipo yake ya sare, wakaongozana hadi kwa muuza mbao, na mwanangu akapiga randa mpaka viganja vikachubuka. Shule ilipofunguliwa, watoto waliketi. Nilikwenda kuyatikisa madawati yale mwenyewe. Hayayumbi!

Jioni ile marafiki wakaja. "Fundi! Tumia pesa ikuzoee!"

"Nimezituma kwa mama watoto," akajibu bila kuacha kupiga msasa. "Mkizitaka, kamuombeni yeye."

Wakamtazama mkamwana wangu na mkasi wake mkononi, wakaaga.

FUNZO

Neno la Waingereza la kutumia pesa, "spend", asili yake ni Kilatini, nalo lilihusu kupima kwa mizani. Na kama sisi tusemavyo kutumia muda, nao neno hilo hulisema hata kwa muda. Basi ndugu zangu, pimeni kwanza, kisha tumeni. Pesa usiyoituma wewe, itakutuma.